Usiku Usio na Sahihi

Mama aliuliza akimenya ndizi mshare:
"Kwani anga la huko si hilihili la kwetu?"
Nikamwambia anga ndilo, Mama. Karatasi siyo.

Nimerudi na saa elfu moja mia moja na arobaini,
zimepangwa kwa kalamu nyeusi ndani ya daftari
ambalo jalada lake lililowa chai siku moja, juu ya jangwa la Karoo.
Saa za watalii, saa za mizigo,
saa za daktari wa mifugo aliyetapikia kofia yake
akaniomba radhi kwa Kiafrikana.
Zote zangu. Ila hapa Arusha bado hazijafika.
Ziko njiani, kwenye barua
ambayo mamlaka ya kule itaiandikia mamlaka ya huku
kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.

Wiki ya kwanza. Ya tano. Ya kumi na moja.
Mchana nauza misumari dukani kwa baba mdogo, Mbauda:
nusu kilo, robo kilo, bati la geji thelathini.
Karavani ikipaa Kisongo, mkono wangu wa kulia
unasukuma kitu kisichokuwepo juu ya kaunta.
Mteja anangoja chenji.
Usiku nasoma sheria za anga ndani ya neti:
ndege mbili zikikabiliana uso kwa uso, nani ampishe nani?
Kila mmoja apinde kulia.
Laiti na ofisi zingekuwa hivyo.

Barua ilipofika, Bwana Nanyaro alivaa miwani
akashuka na rula, mstari kwa mstari,
taratibu, kama atafutaye chawa kichwani mwa mtoto wa jirani.
Rula ikagota ukurasa wa thelathini na tisa.
"Saa sita hizi, za kuruka usiku. Sahihi ya mwalimu iko wapi?"

Mwalimu Viljoen alikufa Agosti,
moyo, akiwa kwenye foleni ya benki.
Usiku ule tulikuwa wawili tu,
na mji wa George chini yetu kama mkaa uliopulizwa.
Alizima taa za dashibodi makusudi, akasema: endelea.
Nikaendelea.
Sasa shahidi ni marehemu, na kwa mujibu wa rula
usiku ule jua halikuzama.

Sikulia. Nilichukua pesa ya misumari,
nikaongezea ya ng'ombe ambaye Mama alidai amemchosha,
nikakodi ndege KIA pamoja na mkaguzi asiyecheka,
Kapteni Shekilindi.

Tulipaa saa mbili usiku.
Kushoto nilijua Kibo ipo
kwa sababu nyota hazikuwepo.
Nilikuwa nimemwomba Mama aache taa ya barazani.
Umeme ukakatika. Moshi nzima, toka Majengo hadi Uru, shimo moja,
isipokuwa KCMC, iking'ang'ana na jenereta yake.
Kapteni akanyoosha kidole, akazima taa za dashibodi.
Hakusema kitu.
Ikabidi nijiambie mwenyewe, kwa lafudhi ya Viljoen.

Kesho yake Mama akapiga simu:
"Nilikuwa gizani, nikaisikia. Imepita juu ya zizi."
Zizi tupu, lakini hilo hakulisema.

Jana leseni imetoka, bado ina joto la mashine.
Picha ni yangu. Mhuri ni wa Jamhuri.
Jina: AIKANDA.
"Aikande," nikasema. "Ni herufi moja tu, Bwana Nanyaro."
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
"Jaza fomu. Dirisha namba nne."

Kitu kikapita juu ya bati la ofisi,
injini moja, imebeba watu tisa au kumi, inaelekea Seronera.
Sikuinua kichwa.
Yeye naye akashika kalamu hewani,
tukanyamaza wote wawili mpaka ikaisha.